Madhara ya sindano ya nguvu za kiume na namna ya kuyadhibiti

SINDANO inayochomwa kwenye uume ni miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi kwa wanaume waliopungukiwa nguvu za kiume na ambao vidonge havikuwasaidia. Hata hivyo, tiba hiyo ina sharti moja ambalo wengi hulipuuza: mgonjwa anapaswa kujua, kabla ya kuchoma sindano ya kwanza nyumbani, atakwenda hospitali gani na kwa usafiri upi siku ambayo uume utakataa kulala.

Madhara mengi ya sindano hiyo ni madogo na yanadhibitika. Maumivu, kuvilia damu, kizunguzungu na kovu vyote vina njia ya kupunguzwa au kuepukwa. Lipo moja tu lisilongoja kupambazuke. Uume ukiendelea kusimama kwa zaidi ya saa nne mfululizo, nyama zake za ndani huanza kuharibika kwa kukosa hewa ya oksijeni, na mwanamume aliyekwenda kutafuta nguvu anaweza kuzipoteza kwa maisha yake yote.

Kinachowaponza wengi katika hali hiyo ni aibu. Mgonjwa huona ni fedheha kufika mapokezi usiku wa manane na kueleza kilichompata mbele ya karani na watu waliopanga foleni. Hukaa nyumbani akitumaini kwamba hali itatulia yenyewe, na saa zinakwenda. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ni nadra kupata jambo ambalo methali hiyo inaliangukia sawasawa kama hili.

Inavyofanya kazi

Uume una mirija miwili iliyolala sambamba, iliyojaa nyama laini mfano wa sifongo na kuzungukwa na ala ngumu. Wakati wa kawaida misuli ya ndani ya mirija hiyo hujibana, damu ikapita kidogo tu. Mwanamume anapopata ashiki, neva hupeleka ishara, misuli hulegea na damu hufurika. Kufurika huko huikandamiza mishipa midogo inayorudisha damu mwilini, ikabanwa dhidi ya ile ala. Damu imeingia na njia ya kutokea imezibwa, hivyo uume husimama.

Vidonge kama sildenafili, dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani Machi 1998 kwa jina la Viagra, huipa nguvu ishara hiyo ya neva. Pasipo na ishara, kidonge hakina cha kukuza. Ndiyo maana baadhi ya wanaume waliougua kisukari kwa miaka mingi, waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume au walioumia uti wa mgongo humeza vidonge bila kuona tofauti. Wapo pia wagonjwa wa moyo wanaotumia dawa za jamii ya nitrati, ambao hawaruhusiwi kabisa kumeza vidonge hivyo kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kushuka kwa kiwango cha kuhatarisha maisha.

Sindano haipiti kwenye neva. Dawa huwekwa moja kwa moja ndani ya mrija na kuilegeza misuli papo hapo, na kwa kawaida uume husimama katika muda wa dakika 5 hadi 20. Hapo ndipo penye faida ya tiba hii na hatari yake pia. Kwa kuwa haihitaji ishara ya ubongo ili ianze kazi, dawa hiyo haikomi eti kwa sababu tendo la ndoa limekwisha au hamu imetoweka. Mwanamume anaweza kufika kileleni, akachoka, akatamani kulala, na uume ukabaki umesimama.

Historia yake haina miaka mingi. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji wa mishipa nchini Ufaransa, Ronald Virag, alichapisha taarifa kwamba dawa ya papaverini ikichomwa kwenye uume huusimamisha. Mwaka uliofuata Mwingereza Giles Brindley aliwathibitishia wenzake jambo hilo kwa namna isiyosahaulika: alijichoma dawa kabla ya kutoa mhadhara kwenye mkutano wa madaktari mjini Las Vegas, Marekani, kisha akashusha suruali jukwaani ili waone wenyewe. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya alprostadili, maarufu kwa jina la biashara la Caverject. Baadhi ya madaktari huagiza mchanganyiko wa alprostadili, papaverini na fentolamini katika kichupa kimoja.

Nani asichomwe

Kabla ya kuzungumzia madhara, kuna watu ambao hawapaswi kuanza tiba hii hata kidogo. Wa kwanza ni wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao Watanzania wengi huuita siko seli. Chembe zao nyekundu za damu hujikunja na kukwama kwenye mishipa midogo, na wengi wao hupata tatizo la uume kusimama bila kukoma hata pasipo kuchomwa dawa yoyote. Maelekezo ya watengenezaji wa alprostadili yanawataja pia wale waliorithi kinasaba cha ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambao hawaumwi.

Kwa msomaji wa Tanzania hilo si jambo la kupita juu juu. Nchi hii ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na seli mundu, maana yake wazazi wanaobeba kinasaba hicho ni wengi kuliko wagonjwa wenyewe, na wengi wao hawajawahi kupimwa. Kipimo cha damu kabla ya sindano ya kwanza ni gharama ndogo ukilinganisha na kinachoweza kutokea.

Wengine ni wenye saratani ya damu na saratani ya uboho, waliowekewa kifaa bandia ndani ya uume, na wale ambao daktari amewakataza kushiriki tendo la ndoa kwa sababu ya hali ya moyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, hakatazwi moja kwa moja, ila daktari anapaswa kujua.

Maumivu na damu kuvilia

Malalamiko yanayosikika mara nyingi zaidi ni maumivu. Si ya kuchomwa, kwa kuwa sindano yenyewe ni nyembamba kama zile za insulini, bali ni hali ya kuwaka au kuvuta ndani ya uume baada ya dawa kuingia. Chanzo chake ni alprostadili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba nusu ya wanaume waliotumia dawa hiyo walipata maumivu angalau mara moja. Takwimu hiyo inatisha hadi mtu asome sentensi inayofuata: maumivu hayo yalitokea katika asilimia 11 tu ya sindano zote zilizochomwa. Kwa maneno mengine, aliyeumia leo hakuumia kila siku.

Njia ya kwanza ya kuyapunguza ni kuisukuma dawa polepole badala ya kuimimina kwa pigo moja. Ikishindikana, daktari anaweza kupunguza kipimo, au kumhamishia mgonjwa kwenye mchanganyiko wa dawa tatu ambao una alprostadili kidogo. Wengi husema maumivu hupungua kadiri mwili unavyozoea. Kukatisha tiba kimyakimya baada ya sindano ya pili, jambo linalofanywa na wengi, ni kujinyima fursa hiyo ya marekebisho.

Katika utafiti huohuo asilimia 8 ya wanaume walivilia damu mahali walipochoma. Alama ya bluu au nyeusi hutisha ikionekana kwenye kiungo hicho, lakini kwa kawaida hufifia yenyewe. Kinga yake ni kubana mahali hapo kwa pamba au kitambaa safi kwa dakika tano kamili, tena kwa kuangalia saa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda abane kwa muda mrefu zaidi.

Mahali pa kuchoma nako kuna kanuni. Sindano huingia ubavuni mwa uume, kwenye theluthi iliyo karibu na mwili, ikiwa imesimama wima dhidi ya ngozi. Madaktari hutumia mfano wa uso wa saa: ukiutazama uume kutoka mbele, sehemu salama ni zile za tarakimu 10 na 2 (tarakimu zenyewe, si saa za Kiswahili). Juu kabisa kuna neva na mishipa mikubwa, chini kuna njia ya mkojo, na mishipa inayoonekana chini ya ngozi nayo huepukwa. Aliyechoma kulia leo, wakati mwingine achome kushoto.

Sindano iliyopinda isinyooshwe kwa vidole ili itumike. Zimeripotiwa kesi za sindano kukatikia ndani ya uume kwa sababu hiyo, na kuitoa huenda kukahitaji upasuaji.

Kizunguzungu hutokea kwa wachache, hasa dawa ikivuja kuingia katika mzunguko wa damu wa mwili mzima na kushusha shinikizo. Mgonjwa akae au alale hadi kipite, na amwarifu daktari, hususan kama anatumia dawa za shinikizo la damu.

Kipimo kinapokosewa

Sehemu kubwa ya hatari ya usimamaji usiokoma hutokana na kipimo, na makosa yake yanafanana. Kipimo cha kwanza hutolewa kliniki mbele ya daktari au muuguzi, kikiwa kidogo. Kwa alprostadili mara nyingi huanza na mikrogramu 2.5, na pungufu ya hapo kwa walioumia uti wa mgongo, ambao miili yao huitikia kwa nguvu. Kisha hupandishwa taratibu hadi kifikie kiwango kinachosimamisha uume kwa muda usiozidi saa moja. Mgonjwa haondoki kliniki hadi uume ulale.

Kosa la kwanza hutendeka siku ambayo sindano haikufanya kazi vizuri. Mwanamume husubiri nusu saa, haoni kitu, akachoma nyingine. Huenda ya kwanza iliingia chini ya ngozi badala ya ndani ya mrija, au huenda ilikuwa inachelewa tu. Zikikutana mbili, matokeo hayatabiriki. Kanuni ni sindano moja katika saa 24 na si zaidi ya tatu kwa wiki. Iliyofeli imefeli hadi kesho.

Kosa la pili ni la ujanja zaidi, nalo huwapata hata watumiaji wazoefu. Mchanganyiko wa dawa tatu unahitaji kuhifadhiwa kwenye baridi. Umeme ukikatika mara kwa mara, au kichupa kikikaa muda mrefu, alprostadili iliyomo hupungua makali. Mtumiaji huona nguvu zinashuka, akaongeza kipimo kidogo, wiki inayofuata akaongeza tena. Kisha ananunua kichupa kipya chenye makali yake yote na kuvuta kipimo kilekile alichokifikia kwenye kile cha zamani. Usiku huo ndio unaompeleka hospitali, au ndio ambao angepaswa kwenda.

Kinachoongeza utata ni kwamba dawa hiyo hupimwa kwa bomba la insulini, ambalo alama zake ni uniti. Uniti moja hapo ni sehemu ya mia ya mililita na haisemi lolote kuhusu makali ya dawa iliyomo. Wafamasia tofauti wanaweza kuchanganya kwa viwango tofauti. Uniti 20 za kichupa hiki zinaweza kuwa na nguvu maradufu ya uniti 20 za kile. Kichupa kikibadilika, swali la kwanza kwa mfamasia liwe moja: makali yake ni yaleyale?

Kosa la tatu ni kuchanganya na vidonge vya nguvu za kiume bila daktari kujua. Hapo ziingizwe pia zile dawa zinazouzwa mitaani kwa jina la mitishamba, kwa kuwa mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimewahi kubaini kwamba baadhi yake zimetiwa sildenafili kwa siri. Pombe nayo huondoa uangalifu unaotakiwa katika kupima na kuhesabu muda.

Saa nne

Katika utafiti wa mwaka 1996, asilimia 5 ya wanaume walisimamisha kwa muda mrefu kupita kiasi, na asilimia 1 walifikia hali ambayo madaktari huiita priapizimu, yaani usimamaji usiokoma unaohitaji tiba ya dharura. Mmoja katika mia ni wachache, lakini kwa huyo mmoja saa zina thamani kubwa.

Kinachotokea ndani ni rahisi kukielewa. Damu iliyojaa imenaswa, wala mpya haiingii. Oksijeni iliyokuwamo hutumika na kwisha, damu ikawa nyeusi na nzito, na misuli laini huanza kufa taratibu. Baada ya saa nne uharibifu unaanza. Ukipita muda wa saa 36, uwezekano wa uume kurudia kazi yake huwa mdogo mno, kwa kuwa mahali pa misuli iliyokufa huota kovu lisilotanuka. Maumivu yanayoongezeka na uume mgumu mithili ya ubao, huku kichwa chake kikiwa laini, ni dalili za hali hiyo.

Aliyechoma sindano saa tatu usiku na uume ukasimama saa tatu na robo, basi saa saba na robo ndiyo mwisho wa subira. Ila huo ni muda wa kuwa ameshafika mbele ya daktari. Kwa mkazi wa Mbagala au Kimara, ambaye usiku huo atalazimika kutafuta teksi au bajaji na pengine kuanzia hospitali ya wilaya kabla ya kupelekwa ya rufaa, kuondoka nyumbani saa sita usiku si kuwahi mno. Hospitali kubwa kama ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi zina madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo, ambao ndio hasa wanaohusika na tatizo hili.

Kabla ya hapo, baadhi ya kliniki hushauri kutembea, kupanda ngazi au kuweka kitambaa cha baridi, kwa lengo la kuvuta damu kwenda sehemu nyingine. Hakuna ubaya kujaribu katika saa ya pili, mradi majaribio hayo yasile muda wa safari. Mwenye seli mundu asitumie barafu kabisa, kwani baridi huzidisha kukwama kwa chembe zake. Wapo madaktari wanaowapa wagonjwa vidonge vya pseudoefedrini vya kumeza, lakini manufaa yake hayajakubaliwa na wataalamu wote, na kwa mwenye shinikizo la damu vinaweza kuleta balaa jingine.

Hospitalini tiba si ya kutisha kama inavyodhaniwa. Daktari hutia ganzi, huingiza sindano ubavuni mwa uume na kuvuta damu ile nyeusi. Kisha huingiza dawa ya kubana misuli, ambayo kwa kawaida ni fenilefrini, kwa dozi ndogo za mikrogramu 100 hadi 500 kila baada ya dakika tatu hadi tano, huku shinikizo la damu na mapigo ya moyo vikifuatiliwa. Wanaofika mapema wengi hupona kwa hatua hiyo. Ikishindikana hufanyiwa upasuaji mdogo wa kufungulia damu njia, na wanaofikia huko mara nyingi ni wale waliochelewa.

Daktari wa zamu aliyemkuta mgonjwa wa namna hiyo hutaka kujua mambo matatu haraka: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Karatasi yenye majibu hayo, ikikaa pamoja na kichupa, humwondolea mgonjwa kazi ya kujieleza kwa kirefu. Mapokezini inatosha kusema ni dharura ya njia ya mkojo. Mke au mwenza naye ajue mpango huo, kwa sababu anayeumwa huwa wa mwisho kukubali kwamba hali imeharibika.

Kovu na uchunguzi wa kila mara

Madhara yanayokuja polepole ni kovu ndani ya uume. Asilimia 2 ya wanaume katika utafiti uliotajwa walipata hali hiyo ndani ya miezi sita, na papaverini ikitumika peke yake hatari huongezeka. Mgonjwa huhisi kinundu kigumu akijipapasa, au huona uume umeanza kupinda unaposimama, hali inayofanana na ugonjwa wa Peyronie. Kuchoma sehemu ileile kila mara huchangia.

Anayegundua kinundu asimamishe sindano na aende kliniki. Vinundu vingine hulainika tiba ikisitishwa, ilhali kuendelea kuchoma juu yake huvikuza. Hata asiyehisi chochote anatakiwa kukaguliwa na daktari takriban kila miezi mitatu, na wanaotumia papaverini hupimwa pia ini.

Sindano hizi hazimkingi mtu na Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Tundu dogo linalotoa tone la damu laweza hata kuongeza nafasi ya maambukizi, kwa hiyo matumizi ya kondomu yanabaki palepale pale hali ya mmoja wa wenza isipojulikana. Kila sindano hutumika mara moja na mtu mmoja, kisha hutupwa ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko, mathalani kopo la plastiki nene, na kikijaa hupelekwa kituo cha afya badala ya kuachwa jalalani ambako watoto na waokota makopo hupita.